Namba 34

Mama alitua Nairobi saa nane na robo mchana, siku ya Jumanne, akiwa na mabegi mawili makubwa, blanketi moja lililozungushiwa nailoni, na imani kwamba mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne.

Mabegi na blanketi tulifika navyo nyumbani.

Siku hiyo nilikuwa na hesabu moja tu kichwani. Kutoka eapoti mpaka Githurai, kwa matatu kisha treni, ni kama saa nne ukihesabu jam na kungoja. Nyumbani Auntie alikuwa amekanda unga wa chapati tangu asubuhi. Majirani walikuwa wameitwa, na mmoja wao alikuwa ameagiza keki yenye maandishi ya "Karibu Mama Mwalimu". Huyo mwalimu ni mimi. Nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili, mpaka Juni 2022 nilipoacha kwenda. Wakati wote huo Mama alikuwa Doha, akifua na kupiga pasi nguo za watu saba, na kila mwezi alinitumia shilingi 20,000 za karo na matumizi. Sikuwahi kumwambia. Kwa hivyo nilikuwa na saa nne za kumwambia kabla ya ile keki kukatwa.

Nilifika saa sita, mapema kupita kiasi, manake kukaa kwa keja nikitazama ukuta kulikuwa kunanimaliza. Nilipanda namba 34 kutoka tao. Kama hujawahi kwenda Jomo Kenyatta kwa matatu, utaratibu wakati huo ulikuwa huu: mkifika kwenye kizuizi cha usalama, abiria wote mlikuwa mnashuka, mnapanga laini, mnaweka mifuko kwenye mkanda na kupita kwenye mashine mmoja mmoja. Gari lilikuwa linapita upande wake na dereva peke yake, halafu mnalipanda tena mbele. Hata wenye Prado walikuwa wanashuka. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa suti akivua mshipi, nyuma yangu kijana aliyekuwa anaenda kuosha magari. Tulisimama hapo soksi zikionekana, sote sawa kwa dakika tatu.

Upande wa wanaosafiri kulikuwa na wasichana kama ishirini, fulana za rangi moja, kila mmoja ameshika bahasha ya kaki kifuani kama mtoto. Mmoja alikuwa akipiga selfi huku analia. Mama aliondoka hivyo hivyo Januari 2020, miezi miwili kabla ya korona kuingia nchini. Fulana yake ilikuwa ya kijani, kubwa kuliko yeye. Mimi nilikuwa nimemaliza Form Four, nangoja barua ya chuo. Aliniambia, "Wewe soma tu. Hii ingine niachie mimi."

Alipotoka, sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda. Kwenye simu za video alikuwa akiishika simu juu sana, unamwona kipaji cha uso na macho tu, na mimi nilidhani ni ushamba wa kamera.

"Baba!" aliita.

Watu wawili watatu waligeuka kutafuta huyo baba yuko wapi. Nimepewa jina la babake, kwa hivyo tangu nizaliwe ananiita Baba. Nikiwa na wasee wangu namwita mathe, lakini usoni pake ni Mama, na yeye kwangu ni binti. Akinigombeza hunigombeza kwa adabu, kama mtu anayeongea na mzee. Tukakumbatiana. Alinuka udi na sabuni. Akanishika mashavu, akanitazama, akasema, "Umekuwa mwalimu kabisa. Hata macho yamechoka."

Hapo ningemwambia. Nikachukua begi.

Madereva wa teksi walitujia, "Teksi, madam? Tao? Githurai? Bei ya mama." Nilifungua programu ya simu kuona bei: 1,900. Mama akachungulia, akapiga hesabu haraka kuliko ile simu.

"Hiyo ni kama siku mbili za pasi. Kwani treni ya Ruiru ilikufa?"

"Haijakufa. Iko ya jioni."

"Basi tupande treni. Babangu alifanya kazi ya reli miaka ishirini na saba na hakuna siku alitupeleka nyumbani na teksi. Yalla, twende."

Yalla na khalas ndizo alizorudi nazo. Zilimtoka bila yeye kujua, kama kikohozi.

Ukitazama ramani utadhani jambo hili ni rahisi. Nairobi ina eapoti na ina reli, na havikai mbali. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, iko hapo ng'ambo. Imara Daima ipo. Embakasi Village ipo, jina lenyewe ni la uwanja huu. Lakini hakuna treni inayoingia eapoti. Ukitua, reli unaisikia tu kama jirani mliyekosana. Kuna barabara ya juu, ile ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, iliyofunguliwa 2022. Ukiwa na pesa unapaa juu ya kila mtu. Ukiwa na mabegi mawili na blanketi, unatafuta thati-foo.

Makanga alikuwa kijana mdogo, kofia imegeuzwa nyuma. "Tao mia, tao mia! Mathe, karibu nyumbani! Mzigo ni mia mbili."

"Mia mbili ya nini?" Mama alisimama. "Haya mabegi yametoka Doha mpaka hapa na hakuna mtu ameniitisha mia mbili."

"Mathe, hiyo ilikuwa ndege. Ndege haina jam."

"Mia. Khalas."

Makanga akacheka, akayabeba mwenyewe. Begi moja likaingia nyuma, moja likawekwa kati ya viti, na blanketi Mama akalipakata. Tulikaa kiti cha watu wawili, yeye dirishani. Ngoma ilikuwa juu, ile ya kukutetemesha mbavu. Gari lilingoja lijae, tukangoja nalo.

Nilijiambia: likitoka tu, namwambia.

Likatoka, na mimi nikaanza kumpa mhadhara. Sijui niliwaza nini. Pengine nilitaka anione mwanafunzi kwa mara ya mwisho. Nilimwambia, kwa sauti ya juu kuishinda ngoma, kwamba uwanja huu ulijengwa miaka ya hamsini na wafungwa wa Mau Mau, watu waliozuiliwa kambini hapa Embakasi wakifanyishwa kazi ya lazima. Kwamba ulifunguliwa Machi 1958 ukiitwa Embakasi, na jina la Jomo Kenyatta likaja baada ya yeye kufariki mwaka 1978. Kwamba kila mtu anayeruka kutoka Nairobi, tajiri au yaya, anaruka kutoka kwenye ardhi iliyosawazishwa na watu ambao hawakuruhusiwa hata kwenda kwao.

Mama alisikiliza huku amefungua mdomo kidogo.

"Haya yote mnafundishwa chuo?"

"Ndiyo." Na hilo lilikuwa kweli. Niliandika insha juu yake mwaka wa kwanza, nikapata A. Ndiyo A pekee ninayoweza kuitaja na tarehe yake.

"Basi jasho langu halikumwagika bure," alisema, akageukia dirisha.

Wacha nieleze jambo hili vizuri, manake siku hiyo sikulieleza vizuri. Ningependa kusema chuo kilinifukuza. Hakikunifukuza. Mwaka wa pili alama zangu za kozi mbili zilipotea. Mtihani nilifanya, sahihi yangu ilikuwa kwenye orodha, lakini kwenye mtandao palikuwa na kistari tu. Yeyote aliyepitia chuo hapa nchini anajua hadithi hii. Nilienda ofisi moja wakanituma ya pili, ya pili wakanituma kwa mhadhiri, mhadhiri alikuwa wa kandarasi na kandarasi yake ilikuwa imeisha. Baada ya miezi mitatu niliambiwa nirudie kozi zote mbili, nilipie tena.

Wenzangu walirudia. Hapo ndipo kosa linakuwa langu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za darasani. Nilikuwa nalipwa kwa ukurasa. Niliandika mtu wa Ohio awe muuguzi, nikaandika mwingine wa Leeds amalize masomo ya biashara. Usiku mmoja niliweza kupata pesa ambazo mwalimu mgeni shuleni angezingoja wiki. Nikajiuliza, kwani hii digrii ni ya nini? Asubuhi moja ya Juni kengele ya simu ililia, nikaizima, nikalala. Sikuamua kuacha chuo. Nilikosa kwenda, na siku iliyofuata nikakosa tena.

Pesa za Mama niliendelea kuzipokea. Nilijiambia nazikopa. Nilinunua laptopu, nikalipa kodi ya keja, nikawa na raha ya mtu ambaye halazimiki kuomba. Alipoitisha risiti ya karo, nilichukua ya zamani nikaibadilisha tarehe. Mara nne. Nilikuwa nimejifunza kuandika kwa jina la mtu mwingine, na hiyo ilikuwa kazi nyingine tu.

Halafu 2023 mashine zikajifunza kuandika insha. Wateja wangu wakaisha mmoja mmoja, kama taa za mtaa zinavyozimika. Sasa naandika ninachopata: maelezo ya bidhaa za mtu wa Gikomba, hotuba za harusi, na makala kama hii. Wakati huo pesa za Mama hazikuwa tena mkopo. Zilikuwa ndizo chakula.

Matatu ilikuwa imeshika njia ya Embakasi. Makanga alining'inia mlangoni akiita, "Taj Mall! Taj Mall kuna mtu?" Taj Mall ilibomolewa 2018. Watu walishuka hapo bila kushangaa, wakaingia Pipeline na Fedha. Mama hakujua kwamba jengo halipo. Alinyoosha shingo akilitafuta.

"Si hapa palikuwa na..."

"Walibomoa, Mama. Wewe uliondoka likiwa limeshaenda."

"Na bado wanaliita?"

"Bado wanaliita."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikijiona hapo nje na fulana ya chuo.

Outering ilikuwa imefungana. Tukasukumana polepole mpaka Donholm, dereva akakata kushoto, tukaingia Jogoo Road, na hapo Mama akabadilika. Alitoa kichwa karibu na dirisha kama mtoto. Alikulia Makongeni, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli. Babu, mwenye jina langu, kazi yake ilikuwa kugeuza njia, ile kazi ya kuhakikisha treni ya Kisumu haijikuti inaelekea Nanyuki. Walikaa chumba kimoja, watu sita.

"Babangu hakuwa na masomo," aliniambia. Alikuwa amenikaribia sikio. "Lakini alikuwa akituambia, treni haipotei kwa sababu ya dereva. Inapotea kwa sababu mtu wa chini amelala. Usiku wa zamu yake hakuwa anakaa hata kwa kiti." Akanigonga goti. "Wewe ndiye wa kwanza kwetu, Baba. Wa kwanza kabisa."

Tulikuwa tumefika City Stadium, Landhies Road iko mbele, na magari yamesimama kabisa. Mikokoteni ilikuwa inatupita. Niliangalia saa: kumi na nusu. Nikajua nikishuka kwenye hili gari bila kusema, sitasema tena. Nitakula keki.

"Mama, niliacha chuo."

"Nini?"

"Nasema niliacha chuo."

"Baba, sisikii. Hii ngoma yao."

"NILIACHA CHUO!"

Dereva alikuwa ameona polisi mbele. Alizima ngoma sekunde hiyo hiyo. Maneno yangu yalitoka katikati ya kimya, yakafika mpaka kiti cha nyuma. Kila mtu alisikia. Mama mmoja wa kitenge aligeuka mzima mzima kunitazama. Kijana wa vifaa vya masikioni alivitoa. Makanga alinitazama, akamtazama Mama, akatazama blanketi la Doha mapajani pake, na akaelewa hesabu yote bila kuelezwa.

"Aki pole, mathe," alisema, kwa sauti ya chini sana.

Mama hakusema kitu. Alivuta nailoni ya blanketi ikalainika. Baada ya muda aliuliza, "Lini?"

"Elfu mbili ishirini na mbili. Mwezi wa sita."

Aliangalia vidole vyake. Alikuwa anahesabu. Nilitaka aniwashe kofi mbele ya wale watu wote, ingekuwa rahisi. Badala yake alihesabu mpaka mwisho, akakunja mkono, akamwambia makanga, "Sisi tunashuka stesheni."

Gari lilipofika Haile Selassie, makanga alishusha mabegi, na nilipompa ile mia ya mzigo akairudisha kwa mkono wa Mama, si wangu. Sitasahau hivyo.

Mama alishika begi zito. Nikajaribu kulichukua, akanitazama, nikaliacha. Tulitembea mimi nikiwa nyuma yake na begi jepesi na blanketi. Upande mwingine wa barabara kulikuwa na ile bustani ya ukumbusho, pale bomu lilipolipuka Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Babu alikuwa kazini siku hiyo, hapa hapa karibu. Alirudi Makongeni kwa miguu, amejaa vumbi jeupe, hasemi, na Mama, akiwa na miaka ishirini na miwili, ndiye alimwosha uso. Hadithi hiyo hunisimulia kila tukipita hapa. Mara hii alipita bila kugeuza kichwa.

Stesheni ya Nairobi ni mahali ambapo watu wengi wa rika langu wanapajua kama jina la steji tu. Lakini mji huu ulianzia hapo. Reli ilifika Mei 1899, pakiwa kinamasi, na wenye reli wakapiga kambi, na kila kitu kingine, Ikulu, Westlands, Githurai, kikafuata. Nilijua haya yote. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilinyamaza nayo.

Nilinunua tiketi mbili. Treni ya Ruiru ilikuwa imeshaanza kujaa watu wa kazi: askari wa usiku wanaoenda zamu, wauzaji na magunia yao, wasichana wa ofisini wamebadilisha viatu wakavaa raba. Hatukupata kiti. Tuliyasimamisha mabegi karibu na mlango, Mama akakaa juu ya moja, mimi nikasimama. Treni ilipoanza kusonga alifumba macho. Nilidhani analia. Alikuwa anasikiliza magurudumu.

Tulipopita Makadara alifungua mkoba, akatoa daftari dogo, lile la shilingi kumi la watoto wa shule, limechakaa pembe. Akanipa.

Ndani mlikuwa na mistari, miaka minne ya mistari. Mwezi, pesa alizolipwa kwa riali, pesa alizonitumia kwa shilingi. Upande wa kulia aliandika "karo", "karo", "karo", "vitabu", "karo", "viatu vya Baba". Mwandiko wake ni wa darasa la nane, umesimama wima, haujiamini. Nilianzia Juni 2022 nikateremka na kidole. Nikafika Machi 2023. Kwenye safu ya mshahara palikuwa na sufuri. Aprili, sufuri. Mei, sufuri. Lakini kwenye safu yangu palikuwa na 20,000, na 20,000, na 20,000, na kando yake neno moja: "deni".

"Mama, hii deni ni ya nini?"

Hakufumbua macho mara moja. "Hawakunilipa miezi mitatu. Nilikopa kwa Mfilipino wa nyumba ya pili. Nimemlipa, usijali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia," alisema, "ungeacha chuo."

Alifumbua macho, tukatazamana, na nadhani sote wawili tulilisikia hilo jambo kwa wakati mmoja. Machi 2023 mimi nilikuwa na miezi tisa nje ya chuo. Nilikuwa nimemwandikia ujumbe nikimwambia pesa zimechelewa na mtihani uko karibu. Nakumbuka. Nilitia na ile emoji ya mikono inayoomba. Hakukuwa na mtihani. Palikuwa na mwenye nyumba.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Dandora ilipita. Watu walishuka, wengine wakapanda, mtu akanikanyaga akaniomba msamaha. Nikaona kwamba kila alichonificha alikificha ili nisome: mshahara uliokosekana, uso uliokonda, chumba ambacho hakuwahi kunionyesha kwenye video. Na kila nilichomficha nilikificha ili nisisome. Maneno hayo sikuyasema, yangekuwa ni kujipamba. Nilisema tu, "Mama, nisamehe."

"Hilo tutaliona." Alipekua tena mkobani, akatoa kalamu, ile ya kujazia fomu kwenye ndege. "Saa hii andika."

"Niandike nini?"

"Kila mstari. Pale niliandika karo, kata. Andika ilienda wapi."

Treni ikitikisika, nilisimama nimeegemea mlango, nikaanza. Juni 2022: kodi, chakula. Julai: laptopu. Agosti: kodi, intaneti, viatu. Mwandiko wangu ulikuwa unaruka juu ya wake. Septemba sikukumbuka. Niliandika "sikumbuki", na hiyo iliniuma kuliko laptopu, manake mtu alipiga pasi mwezi mzima kwa ajili ya "sikumbuki". Mama alikuwa akichungulia kutoka chini, kimya, kama mtu anayesimamia mtihani.

Mwiki. Halafu Githurai. Tuliteremka gizani, kati ya watu na vibanda vya nyanya na taa za betri. Kutoka hapo nyumbani ni kutembea tu. Mama alisimama, akapumua, akanitazama na yale mabegi.

"Ile keki imeandikwa nini?" aliuliza.

Sikujua alijua kuhusu keki. Nikamwambia.

"Wewe ndiye utawaambia," alisema. "Leo, kabla haijakatwa. Mimi sitasema neno." Kisha akasukuma lile begi zito kwa mguu, likanifikia. "Beba. Mgongo unaniuma."

Nililibeba. Niliwaambia, nikiwa nimesimama kando ya meza, Auntie ameshika kisu. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo, ila kwamba keki ililiwa, na maandishi yake yakaliwa kwanza, na watoto, ambao hawakujali.

Daftari bado ninalo. Mama hajalichukua tena, wala hajaniambia amenisamehe. Ameanza kibanda cha kufua na kupiga pasi hapa Githurai, na asubuhi nikiwa sina kazi namchotea maji. Nimechora safu ya tatu kwenye kila ukurasa. Hapo naandika ninachorudisha. Sio kingi. Kuna mwezi niliandika 700. Nilianza na Machi, Aprili na Mei 2023, ile miezi ya sufuri, ingawa Mfilipino alishalipwa zamani. Machi nimeimaliza. Malipo ya makala hii yanaingia kwenye mstari wa Aprili.